Shokapu za Gari Kuukuu Lililoinuliwa: Pima Kabla ya Kununua

Wamiliki wa Land Rover za zamani wilayani Kyela huziinua ili zipite kwenye matope ya masika, katika njia za mashamba ya mpunga na kokoa hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Gari likishainuliwa, aina na mwaka wake havitoshi tena kuchagulia shokapu.

Shokapu fupi hukatika gurudumu linapoingia shimoni. Iliyo ndefu mno hugota na kuvunja vishikizo. Tunakushauri umwombe fundi afungue shokapu za zamani, kisha apime umbali kati ya vishikizo mara mbili: ekseli ikining’inia, na ikiwa imepanda hadi kugusa mpira wa kizuizi. Shokapu mpya ikivutwa yote izidi kidogo kipimo cha kwanza. Ikibanwa yote iwe pungufu ya cha pili. Paipu ya mpira ya breki nayo isikazwe ekseli ikining’inia, kwani ikikatika breki hupotea.

Muuzaji aandike vipimo hivyo kwenye ankara na akupe risiti ya kielektroniki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Bidhaa isipolingana na maelezo uliyopewa, itunze pamoja na risiti, kisha wasilisha malalamiko kwetu.