Kwa Nini Kigae Kivunjwe? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi fundi anavyochambua vipande vya vyombo na kuvipandika kwenye lipu mbichi. Leo napinga dhana iliyozoeleka kwamba nakshi za vipande ni kazi ya mtu asiye na uwezo wa kununua kigae kizima. Dhana hiyo inakwama Barcelona. Eusebi Güell alikuwa tajiri wa viwanda, na kilima alichomkabidhi Antoni Gaudí mwaka 1900, ambacho leo ni bustani ya Park Güell, hakikupambwa kwa ufukara. Hata hivyo, benchi refu linalojipinda kama nyoka kuzunguka uwanja wake, ambalo mapambo yake yanahusishwa zaidi na Josep Maria Jujol, limevikwa vipande vitupu. Sababu yake ni umbo. Kigae bapa cha mraba kikilazwa juu ya kiti kilichobinuka hugusa katikati tu, kingo zikabaki zikielea, na uzito wa mtu wa kwanza kuketi utakipasua. Ukikivunja, kila kipande hupata sehemu yake ndogo ambayo, kwa udogo wake, ni kama tambarare. Mianya hujazwa saruji, na mpindo unabaki mpindo.

Msomaji mkali atauliza: kama vigae vingine vilikuwa vizima vikavunjwa makusudi, huko si kuharibu mali? Ni kweli, si kila kipande kilitoka jalalani, ingawa mabaki ya viwandani nayo yalitumika. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi zaidi. Mwenye kuvunja kizima ili apate kipande hasukumwi na uhaba.

Pingamizi zito zaidi ni la uimara, na hapa shahidi ni maskini kweli. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia, alijenga peke yake minara ya Watts mjini Los Angeles kuanzia 1921 hadi 1954: nondo zilizofungwa wavu wa waya, zikapakwa saruji, kisha zikapachikwa vipande vya sahani, chupa na makombe ya baharini. Mnara mrefu zaidi unakaribia mita 30. Mamlaka za jiji zilitaka ibomolewe; mwaka 1959 ilijaribiwa kwa mvuto wa ratili 10,000, na kilichoshindwa ni mtambo wa kuvuta. Tusidanganyane, jaribio hilo lilipima nondo na saruji, halikupima nakshi. Maji hupenya kwenye nyufa, chuma kikashika kutu na kuvimba, na vipande vikabanduka. Ukarabati hauishi. Ila kinachobanduka ni kipande kimoja kimoja, na jirani yake hubaki mahali pake.

Linganisha na pwani yetu. Wajenzi wa makaburi ya kale, kama yale ya Kunduchi, walipachika mabakuli mazima ya Kichina, na uzuri wake hauna ubishi. Katika makaburi mengi ya pwani leo yamebaki matundu tu, kwa sababu bakuli zima lina mnunuzi. Kipande cha sahani chenye ukubwa wa kidole gumba hakina soko, kwa hiyo hakuna anayehangaika kukichokoa kwa patasi.

Sehemu ijayo itahusu rojo lenyewe: chokaa ya wazee na saruji ya dukani hazishiki kipande kwa namna moja.