Mazungumzo Baada ya Habari: Kulinda Maji ya Chipembe

Askari aliyepata kulinda pwani ya Mucojo, wilayani Macomia, hahitaji kufundishwa thamani ya kisima. Kaskazini mwa Msumbiji mvua hunyesha kwa miezi michache, hasa baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ardhi hukauka.

Bara, katika mkoa huo huo wa Cabo Delgado, wilayani Balama, liko bwawa la Chipembe. Lilijengwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji. Leo maji yake huutegemeza pia mgodi wa kinywe, madini meusi yatumikayo katika betri za magari ya umeme. Mgodi huo, wa kampuni ya Syrah ya Australia, ulianza uzalishaji mwishoni mwa mwaka 2017.

Mgodi wahitaji maji kwa nini? Mawe husagwa yakawa unga, unga ukachanganywa na maji katika matangi, kisha hewa ikapulizwa ndani yake. Kinywe hakilowi upesi: hushikamana na mapovu, kikaelea na kuenguliwa, ilhali mchanga huzama. Bila maji kiwanda husimama, hata kama kimezungukwa na madini.

Kwa hiyo bwawa, bomba na barabara ni mambo ya ulinzi. Mwezi wa Juni 2022 waasi walishambulia kambi ya mgodi wilayani Ancuabe, na usafirishaji wa kinywe cha Balama ukasitishwa kwa muda. Lakini mwezi wa Septemba 2024 Balama haikufungwa na waasi. Ilifungwa na wakulima wenye madai ya ardhi na ya kuhamishwa, walioziba njia ya mgodini. Uzalishaji haukurejea hadi Juni 2025, baada ya mazungumzo na makubaliano.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwa majeshi yetu ya ulinzi na usalama. Muasi huja kuua. Mkulima huja kudai. Silaha ya kwanza hukabiliwa kwa silaha, madai husikilizwa na kufikishwa panapohusika. Askari anayemnyima mwanakijiji maji, au kumtoza rushwa ili ayafikie, humpa adui msaada asiouomba. Anayemheshimu hupata jicho la pili la ulinzi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Malalamiko ya wanaoishi kando ya bwawa ndiyo ufa wenyewe.