Hesabu Nukta Kabla ya Inchi

Mpwa wangu, ambaye husomea ukadiriaji wa majenzi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, alinijia akiwa na akiba ndogo aliyoidunduliza kwa miezi kadhaa, na swali alilolidhania kuwa jepesi: anunue skrini ya inchi ngapi ya kuunganisha na kompyuta yake ya mpakato, ambayo kioo chake hakimtoshi kutazama mchoro wa jengo na jedwali la vipimo kwa wakati mmoja? Kabla sijafungua kinywa alinionyesha katika simu yake picha ya televisheni ya inchi 32, iliyokuwa ikiuzwa kwa bei isiyopishana sana na ya skrini ya ofisi ya inchi 22 iliyokwisha tumika, akasema, "Mjomba, hapa si nimeokota dodo?" Nikamwambia aketi kwanza, kwani swali la inchi, ijapokuwa ndilo la awali kwa kila mnunuzi, lilistahili kuwa la tatu.

Inchi zitajwazo na wauzaji ni urefu wa hanamu, yaani mstari uendao kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Hazisemi lolote mintarafu ya wingi wa nukta ambazo kwazo taswira hufumwa. Nukta hizo, ambazo mafundi huziita pikseli, ndizo ziamuazo ni safu ngapi za jedwali na mistari mingapi ya maandishi itakayoonekana kwa mara moja. Kompyuta ya mpwa wangu, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, ina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla yake kiasi cha milioni moja. Skrini nyingi za ofisi za inchi 22 zina 1920 kwa 1080, ambazo ni zaidi ya milioni mbili, kwa hiyo hubeba karibu maradufu ya kazi. Televisheni aliyoipenda ilikuwa na 1366 kwa 768, hesabu ile ile aliyokuwa akiikimbia, ila imetandazwa juu ya uwanja mkubwa, nukta 49 tu katika kila inchi, ilhali ile skrini ya ofisi ina 100. Televisheni hutazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, ambako jicho halioni pengo baina ya nukta na nukta; lakini mwanafunzi huketi umbali wa mkono mmoja, na kutoka hapo kingo za herufi huonekana zimechanikachanika kama ukindu wa mkeka mkuukuu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, skrini ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina kama 92 katika kila inchi, na hiyo kwa rai yangu ndiyo kadiri njema. Ya inchi 27 yenye nukta zizo hizo hushuka hadi 82, na mnunuzi huwa amelipia upana bila kuongezewa nafasi hata ya safu moja. Ukibahatika kuikuta ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1200, ambayo zamani ilipendwa sana maofisini, itwae bila kusitasita, kwani zile safu 120 za ziada ni neema kwa mtu ashindaye akisoma na kuandika. Walakini soma nambari iliyo nyuma ya skrini, uitafute katika intaneti ukiwa pale pale dukani, maana ziko kongwe za inchi 22 ambazo nukta zake ni 1680 kwa 1050.

Swali la pili, ambalo aghalabu hukumbukwa mtu akiwa amekwisha fika nyumbani, ni la matundu. VGA, lile tundu pana lenye vijitundu 15 katika safu tatu, lilitolewa na IBM mwaka 1987, nalo hupeleka taswira kwa mawimbi ambayo skrini hulazimika kuyakisia upya, ndiyo sababu maandishi yake hukosa ukali. Ikiwa skrini ina jingine lolote, liache hilo. DVI na HDMI hunena lugha moja katika jambo la taswira, hata waya wa kawaida huziunganisha bila kigeuzi. Penye mtego ni DisplayPort. Skrini nyingi zilizotoka maofisini zina DisplayPort na hazina HDMI, hali ya kuwa kompyuta za wanafunzi zina HDMI na hazina DisplayPort. Na ule waya rahisi wenye vichwa hivyo viwili umeundwa kwenda njia moja, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kuelekea skrini yenye HDMI. Ukigeuzwa haupeleki kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikiilaumu skrini isiyo na hatia, hata nilipotanabahi kwamba nilichohitaji ni kigeuzi chenye sakiti ndani yake, ambacho huwa ghali zaidi na mara nyingine hudai umeme wake chenyewe. Na tundu dogo la USB-C lisikughuri kwa umbo: mengine hupitisha taswira, mengine huchaji na kubeba mafaili tu, nayo yote hufanana kama mapacha.

Ndipo tulipokwenda Kariakoo, kompyuta ya mpakato ikiwa begani. Sharti hilo silegezi kwa mtu yeyote: skrini ijaribiwe kwa kompyuta itakayoitumikia, na kwa waya utakaouchukua. Skrini za mtumba zitokazo katika ofisi za Uingereza zina faraja moja ndogo, kwamba plagi zake za meno matatu ni kama za kwetu. Tulijaza kioo rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, kwani nukta iliyokufa hujificha katika picha yenye shughuli nyingi na hufedheheka mbele ya rangi tupu. Tukaiacha iwake robo saa, kwa kuwa zile za zamani zenye taa za mirija huanza hafifu, na zikizeeka weupe wake huwa kama wa kurasa zilizokaa juani. Kisha nikamwambia achuchumae aitazame kutoka chini: aina iitwayo TN hugeuka rangi na kuwa giza, ilhali IPS, ambayo Hitachi wa Japani waliitoa mwaka 1996, hubaki ile ile. Muuzaji alitucheka, lakini hakutuharakisha.

Tuliacha mpya moja nyembamba, nzuri ya kupendeza, kwa sababu mguu wake haupandi wala haushuki, na shingo ya mwanafunzi ni jambo la kudumu kuliko wembamba wa fremu. Tukachukua ya ofisi ya inchi 22, IPS, yenye mguu wa kuinuka na mkwaruzo mmoja mgongoni. Vioo vilivyopindwa, na vile vya kasi kubwa wavipendavyo wacheza michezo, havikutuhusu. Umeme pia haukumtisha: skrini ya namna hii yenye taa za LED hula kiasi cha wati 20, na kwa saa tano kila siku uniti moja ya LUKU humfikisha siku kumi.

Tulichomoa mguu kwa kubonyeza kitufe kilicho mgongoni, tukaifunga skrini kwa khanga ya mama yake, naye akaipakata wima katika daladala, kioo kikielekea kifuani pake, kwa maana ikilazwa na mzigo mmoja tu ukaegemezwa juu yake, kazi yote ya asubuhi ile huwa imekwisha. Usiku alinipigia simu akilalamika kwamba skrini mbili zinaonyesha kitu kimoja. Nikamwelekeza abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P, achague kutandaza badala ya kunakili. Mchoro ukabaki kushoto, jedwali likahamia kulia, na simu ikakatwa hata kabla sijaagwa.