Hatari Kuu Mjini: Kukaa Ndani au Kuondoka?

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa kina milango ya kuhesabika. Atokaye Ndia Kuu kwenda kaskazini hupita Daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980 badala ya lile la kale lililoelea juu ya maji. Aendaye bara hupita njia za Makupa na Kipevu. Wengi waendao kusini huvuka Likoni kwa kivuko. Kila mkaaji wa kisiwani ajua jinsi milango hiyo inavyosongamana jioni ya siku ya kawaida tu. Basi, siku ambayo kila nyumba itataka kutoka kwa wakati mmoja itakuwaje?

Swali hili lataka kujibiwa kabla ya siku yenyewe kufika. Yafaa kila mwenye nyumba ajue mapema, akili yake ikiwa imetulia, ni hatari ipi imtakayo akae ndani, ni ipi imtakayo aondoke, na akiondoka aende wapi.

MAHALI PA SALAMA PALIPO KARIBU

Watu wengi wakishtuka hufikiri kwanza habari ya kutoka kisiwani. Fikira hiyo yaweza kuwaponza. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilichokuwa kikivuka Mtongwe kilipinduka karibu sana na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi chake. Siku ile haikuwa ya vita wala ya mafuriko. Ilikuwa asubuhi ya watu kwenda kazini. Ikiwa msongamano wa siku ya amani waweza kuua watu wengi hivyo, msongamano wa siku ya hofu haufai kukimbiliwa.

Kwa hatari nyingi, mahali pa salama ni pa kufikika kwa miguu. Akimbiaye moto apaswa kuvuka mitaa michache tu. Aikimbiaye bahari apaswa kupanda juu na kuiacha pwani nyuma yake. Si lazima avuke daraja, wala asiingie garini, kwani gari moja lililokwama katika njia nyembamba laweza kufunga njia ya watu mia. Kutoka kisiwani ni kwa amri ya wakuu, na kwa zamu watakayoitangaza.

HATARI ZITAKAZO KUONDOKA

Ya kwanza ni moto. Nyumba za Mji wa Kale zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na haziungui upesi. Lakini boriti za dari, ngazi za mbao, roshani na milango ni kuni kavu za miaka mingi. Ndia Kuu hupita gari, bali vichochoro vingi vinavyoingia humo havipiti gari la zimamoto. Kwa hiyo asingoje mtu kuona ndimi za moto. Akisikia harufu au kilio, na atoe watu wote, afunge milango nyuma yake bila kuitia kufuli ili moto uchelewe, na afunge mtungi wa gesi ikiwa aweza kuufikia bila hatari. Penye moshi na tutambae, kwani hewa iliyo safi huwa chini. Aliyekwisha kutoka asirudi kuchukua mali.

Ya pili ni bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 nchi ilitetemeka karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, na mawimbi makuu yaitwayo tsunami yakavuka Bahari ya Hindi yote. Yaliifikia pwani yetu saa nyingi baadaye, siku ile ile. Katika Somalia watu wapatao 300 walikufa. Tanzania nayo ilipoteza watu. Katika Kenya alikufa mtu mmoja, kwani habari ilitangulia mawimbi na watu wakaondolewa ufuoni. Tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa maonyo kwa nchi zote za bahari hii.

Lakini mawimbi yakizaliwa karibu, onyo laweza kuchelewa. Mabaharia na wavuvi wa Bandari ya Kale wazijua saa za maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua. Basi bahari ikirudi nyuma ghafula kwa saa isiyo yake, au nchi ikitikisika kwa nguvu na kwa muda mrefu, hapana haja ya kungoja tangazo. Na tuondoke ukingoni, tupande hadi Ndia Kuu, kisha tuendelee kuelekea katikati ya kisiwa, upande wa Makadara. Asiyeweza kwenda mbali na apande orofa ya juu ya nyumba imara. Wala asishuke wimbi la kwanza likipita, kwani la pili au la tatu laweza kuwa kubwa zaidi. Kushuka ni baada ya wakuu kutangaza.

HATARI ZITAKAZO KUKAA NDANI

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliripuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na watu zaidi ya 200 wakauawa. Kabla ya mshindo ule mkuu palisikika mshindo mdogo, na watu katika nyumba za jirani wakakimbilia madirishani kutazama. Vioo vikawarukia, na wengi wakaumia macho, wako waliopofuka. Hapa pana funzo la kushikwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo: mshindo ukisikika, liache dirisha. Roshani ya Ndia Kuu ni nzuri kwa kuangalia arusi ikipita, si kwa kuangalia hatari. Na tuingie chumba cha ndani, tulale chini nyuma ya ukuta mnene, tukae humo hadi tuhakikishe hali.

Vile vile kuna moshi wa sumu. Katika bandari ya Kilindini hushushwa mafuta na dawa za viwandani za namna nyingi. Ikitangazwa kuwa sumu imo hewani, mtu aliye ndani abaki ndani. Na afunge madirisha na milango, aweke matambara yaliyolowa maji chini ya milango, azime feni na mashine za kupozea hewa, kisha asikilize redio. Kukimbia njiani ni kuivuta ile ile sumu kwa pumzi nyingi zaidi.

Tena kuna maradhi ya kuambukiza. Jambo hili watu wa Mji wa Kale hawahitaji kusimuliwa. Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ilikataza watu kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, kama ilivyofanya kwa Eastleigh ya Nairobi, kwa siku 15. Baadaye muda huo uliongezwa hadi tarehe 6 Juni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Idi ikaja njia zikiwa bado zimefungwa. Nyumba iliyokuwa na akiba iliweza kustahimili. Nyumba iliyokula kwa kibarua cha kila siku ilionja shida tangu siku za mwanzo. Funzo ni kwamba kukaa ndani nako kwataka matayarisho, na ya kuwa akiba ya mwenye nacho yapasa kumkumbuka jirani asiye nacho.

AKIBA YA NYUMBA

Kuta nene peke yake hazitoshi. Kati ya Machi 1696 na Desemba 1698 watu walizingirwa ndani ya Fort Jesus, mwanzo kabisa wa Ndia Kuu. Kuta ziliwakinga na mizinga, lakini maradhi yaliyoingia humo yaliua watu wengi. Hivyo maji safi na usafi huhesabiwa mbele ya yote.

Kwa kunywa na kupika, kila mtu ahesabiwe lita 4 kwa siku. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu yataka lita 72, yaani madumu manne ya lita 20, na ziada kidogo itabaki. Madumu yafunikwe, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Maji ya kisima yachemshwe kabla ya kunywewa. Kisha viwekwe vyakula visivyotaka moto mwingi, kama tende, mikate mikavu na maharagwe ya mkebe, kurunzi na betri, redio ndogo, na dawa za wagonjwa wa sukari au shinikizo la damu za wiki moja.

Katika mfuko mmoja usiopenya maji na viwekwe vitambulisho, hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, na noti ndogo ndogo za fedha, maana simu ikizimika fedha zilizomo ndani yake hazinunui kitu. Nambari za simu za jamaa ziandikwe kwa kalamu. Mfuko huo ukae karibu na mlango, na kila mtu wa nyumba aujue.

SHAURI LA NYUMBA NA LA MTAA

Vitu bila shauri ni mzigo. Watu wa nyumba waketi pamoja, waulizane: Bibi asiyeweza kushuka ngazi atachukuliwa na nani? Watoto wakiwa chuoni au shuleni, nani atawafuata? Tukipoteana, tutakutana wapi? Mahali pa kukutana pawe pawili, pa karibu na nyumba na pa mbali kidogo.

Wazee wa mtaa nao, barazani, waandike majina ya vipofu, viwete, wajawazito na wazee waishio peke yao, na kila jina likabidhiwe vijana wawili. Gari la msaada laweza kukawia, lakini jirani yupo ng'ambo ya kichochoro.

Wasomaji wa mashamba wasidhani kuwa habari hii haiwahusu. Mji ukihama, jamaa watawajia wao, Kwale, Kilifi au Taita. Yafaa kila jamaa ichague ndugu mmoja wa shamba awe mpokea habari: mtu wa mjini akiisha kuokoka, ampigie yeye, na yeye awaarifu wengine. Hivyo mama hatarudi kwenye hatari kumtafuta mwana aliyekwisha kufika salama.

NENO LA KUSADIKI

Wakati wa hatari uvumi hukimbia kuliko moto. Asisambaze mtu neno asilojua asili yake. Na tusikilize redio, matangazo ya wakuu wa serikali, na wazee wa mtaa waliotumwa. Polisi hupatikana kwa nambari 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya athari. Leo jioni, kabla ya kulala, jaza dumu la kwanza, kisha ukamuulize jirani yako ni nani katika nyumba yake asiyeweza kutembea.