Informatiki: jina moja, masomo mbalimbali

Neno informatiki lilibuniwa kwa Kifaransa mwaka 1962 na Philippe Dreyfus, kwa kuunganisha neno la habari na lile la kujiendesha. Upana wake huwatatanisha wanafunzi wa Kongo. Anayejiandikisha katika informatiki ya usimamizi hukuta uhasibu, uchumi na programu za biashara. Sayansi ya kompyuta hudai zaidi hisabati na mantiki. Uhandisi wa kompyuta huongeza umeme na fizikia. Basi mwenye hamu ya kuunda mitambo, akikimbilia usimamizi kwa kuogopa hesabu (na waoga si haba), huenda akatambua kosa miaka ikiwa imekwisha kupita. Heri aombe orodha ya masomo pamoja na saa zake kabla ya kulipa ada. Humo hisabati haijifichi.