Fangasi Anayetuma Vifuko

Tia tone la wino mweusi kwenye maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, kisha yatazame kwa hadubini. Fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans ataonekana amezungukwa na duara jeupe: ni koti lake la sukari, ambalo wino hauwezi kulipenya. Sukari hiyohiyo ndiyo inayotafutwa na kipimo cha CrAg kinachofanywa kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana.

Lakini sukari hutengenezwa ndani ya seli na kuvaliwa nje, na katikati pana ukuta mnene. Inapitaje? Mwaka 2007 Marcio Rodrigues, Arturo Casadevall na wenzao walionyesha kuwa husafirishwa ndani ya vifuko vyenye utando wa mafuta, vingi vikiwa na upana wa nanomita 100 hivi. Baadaye humo yakakutwa makubwa zaidi: yurease, kimeng'enya kinachomsaidia fangasi kuvamia ubongo, na lakesi, inayomtengenezea rangi nyeusi ya kujikinga. Shehena ya silaha, basi.

Mwenye afya huvuta fangasi huyu kutoka kwenye vumbi la kinyesi cha njiwa na asijue. Kwa wenye VVU, homa yake ya uti wa mgongo inakadiriwa kuua watu 112,000 hivi kwa mwaka, wengi wao Afrika.

Ndugu yake, Cryptococcus gattii, ndiye aliyenishangaza zaidi. Katika kisiwa cha Vancouver, Kanada, aliwaambukiza hata watu wasio na VVU. Mwaka 2018 watafiti wa Birmingham walichukua vifuko vya aina hiyo kali wakazipa seli za kinga zilizokwisha kumeza fangasi dhaifu. Yule dhaifu akaanza kuzaana kwa kasi, ingawa mkali hakuwa hata jirani.

Hata hivyo, vifuko humchongea mwenyewe pia. Makrofeji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, zilizokutana na vifuko vya neoformans huamka na kuua fangasi vizuri zaidi, na panya waliochanjwa navyo katika Taasisi ya Pasteur, Paris, waliishi muda mrefu zaidi baada ya kuambukizwa.

Dawa nayo inapita njia ileile. Amfoterisini ya siku hizi hufungwa ndani ya vitone vya mafuta, na mwaka 2018 ilionekana kwamba vitone hivyo huupenya ukuta wa fangasi vikiwa vizima. Majaribio yaliyofanyika Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu yalithibitisha mwaka 2022 kuwa dozi moja kubwa, pamoja na vidonge, inatosha.