Tiketi ya Kusimama

Wajukuu zangu wa Bombambili, ngoma ya lizombe hamuitazami mmeketi. Ngoma ikilia mnakimbilia duarani, mfupi anapenya hadi mbele, mrefu anabaki nyuma, wala hakuna anayeuliza kiti kiko wapi. Basi leo nawasimulia habari za nyumba ya maigizo kule London ambako watu hulipa ili wasimame vivyo hivyo.

Jina lake Globe. Ilijengwa mwaka 1599, na humo zilichezwa tamthiliya za William Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri tukapata Mabepari wa Venisi. Ilikuwa ya mviringo, pembeni imeezekwa nyasi, katikati wazi. Wenye uwezo waliketi ghorofani. Vibarua na wanagenzi walitoa peni moja, wakasimama uani mbele ya jukwaa. Mwaka 1613 mzinga ulifyatuliwa ili kunogesha igizo. Cheche zikaangukia nyasi, na nyumba nzima ikateketea! Ya leo, iliyojengwa kwa kufuata umbo lile lile, ilifunguliwa mwaka 1997.

Uani wanaingia watu wapatao 700. Tiketi ya kusimama haina namba ya mahali, hivyo anayewahi ndiye anayechagua. Wajanja hufika mapema, wakaegemea ukingo wa jukwaa, karibu kabisa na mwigizaji hata jasho lake wanaliona. Kukaa chini igizo likiendelea hakuruhusiwi. Mvua ikinyesha, inakunyeshea, na mwavuli hufungui kwa kuwa utamziba aliye nyuma yako. Unavaa koti la mvua. Kusimama saa mbili au tatu, wajukuu zangu, miguu inauma kweli. Lakini bei yake iko chini ya bei ya kiti, na mahali penyewe ndipo karibu zaidi na mchezo. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote: mwenye fedha kidogo hasukumwi nyuma.

Kwingine mtu huyo hupelekwa nyuma. Katika kumbi kadhaa za New York, tiketi hizi hutolewa viti vikishaisha, ukapewa nafasi nyuma ya safu ya mwisho. Katika jumba la opera la Vienna, wasimamao huegemea vyuma, na kwa miaka mingi walizoea kufunga skafu hapo kuonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe. Na popote pale idadi ina kikomo. Ukumbi hauwezi kuendelea kuuza tiketi kwa sababu tu watu bado wako mlangoni. Njia lazima zibaki wazi ili moto ukizuka watu watoke.

Mwaka 2012, Globe ilialika tamthiliya 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilikuwamo: waigizaji kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor, wakaiita Wanawake wa Heri wa Winsa. Watu wakasimama uani, wakisikiliza lugha hii hii mnayoisema sokoni.

Nanyi mtaigiza siku moja. Mkicheza hapa hapa Songea Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya Vita vya Majimaji iliyochapishwa mwaka 1969, wawekeeni wazee viti. Kisha acheni nafasi ya kusimama mbele ya jukwaa, kwa kiingilio ambacho hata mtoto wa muuza mchicha atakimudu. Na njia ya kutokea msiizibe.